Sekunde Tisa za Dilolo

Kolwezi, mtaa wa Manika
Tarehe 12 Septemba 1974

Mpendwa shemeji Kalala,

Pokea salamu. Nakuita mpendwa kwa sababu barua huanza hivyo. Natumaini u mzima, na mkeo Mbombo na watoto ni wazima. Huku watoto hawajambo. Kaka yako Badibanga ndiye si mzima, na ndiyo sababu naandika mimi: mkono wake haushiki tena kalamu.

Unakumbuka hali yake mwezi wa pili, kabla ya yale majaribio ya watu wa Ulaya ya dawa ya ugonjwa wa kutetemeka. Nilimfunga vifungo vya shati, nilimnywesha chai kama mtoto. Kisha Munganga Kyungu, daktari wetu wa hospitali, akamwandikisha, pamoja na wagonjwa wa Lubudi na wa kituo chako cha Dilolo. Wengine walipewa dawa, wengine vidonge vitupu vinavyofanana nayo, na hata ninyi wauguzi hamkujua nani kapata nini. Mwezi wa tano Badibanga alijifunga vifungo mwenyewe, akaenda kanisani bila kunishika.

Jumatano ya wiki jana tulikwenda kuchukua vidonge vya mwezi. Tukamkuta munganga ameketi mikono mitupu.

"Tata Badibanga, dawa imesimama," akasema. "Bakubwa ba Ulaya bamekatala makaratasi yetu yote."

"Yangu iko na kosa gani?"

"Yako haina kosa, tata. Ni ya Dilolo."

Akatuonyesha karatasi zako. Wagonjwa kumi na mmoja, toka mwezi wa tatu hadi wa nane, na kila mmoja, kila mwezi, umeandika ametembea kutoka kitini hadi mlangoni kwa sekunde tisa. Mzee Kazadi pia! Alifariki mwezi wa sita, wewe mwenyewe ulituandikia kwamba ulibeba jeneza lake, na mwezi wa saba ukamtembeza sekunde tisa.

Hesabu za vituo vitatu huchanganywa pamoja, Kalala. Waliposhika uongo wako, hawakujua unaishia wapi, wakatupa kila kitu.

Usiniambie njia ni mbaya na pikipiki haina petroli. Kule Lubudi muuguzi mwenzako mama Kabedi ana njia mbaya hiyo hiyo. Asipomfikia mgonjwa anaandika "Sikumuona". Karatasi zake zimejaa neno hilo, na hakuna aliyemgombeza. Wewe neno moja la kweli lilikushinda.

Siku nane bila dawa, na kaka yako amerudi alikotoka. Juzi alianguka kati ya kitanda na mlango, na sikuweza kumwinua peke yangu mpaka jirani alipokuja. Sakafuni pale pale akaniambia: "Muache Kalala. Ni mutoto wangu, mi ndiye nilimusomesha."

Sikukuacha. Ile barua yako ya mwezi wa sita, ulipojisifu kwamba huendi tena vijijini na karatasi unajaza mezani, nimeipeleka kwa Munganga Kyungu. Aliisoma mara mbili. Anasema sasa anaweza kuondoa karatasi za Dilolo peke yake na kuwaomba wa Ulaya watazame upya zetu na za Lubudi. Hakuniahidi kitu. Jumatatu anapanda treni kuja kwako, labda atatangulia barua hii. Atakuuliza ni wagonjwa gani uliowaona kwa macho yako. Mwambie, hata kama watakufukuza kazi.

Kaka yako amejua nilichofanya. Tangu jana hasemi na mimi. Ananikubalia nimlishe, lakini anatazama ukuta.

Msalimie Mbombo, mwambie hili si lake. Msalimie na jirani yenu mama Mwamini. Mjane wa mzee Kazadi nenda mwenyewe ukamsalimie, umweleze ulichoandika juu ya marehemu mume wake.

Mungu amlinde mkeo, awakuze watoto wako kwa afya. Wewe nimejaribu kukuombea mara mbili, nikashindwa. Jumapili nitajaribu tena.

Ni mimi, mke wa kaka yako,
Ngalula