Neema na sahani yangu

Jumapili, Bombambili

Leo nimejisifu tena. Nilimwita jirani, Mama Zawadi, aje amwone binti yangu Neema, mtafiti wa saikolojia, anayewafundisha watu wanaoogopa chakula kula kwa utulivu. Mtaa mzima hakuna kama yeye!

Nikampakulia ugali na dagaa wa Nyasa, nikamwongezea bila kumuuliza. Mama Zawadi akamtania, "Mwalimu wa kula, mbona umekonda hivyo?" Neema akacheka, akamaliza yote. Kisha nikamsikia chooni anatapika.

Nikagonga. "Mwanangu, unajitapisha tangu lini?"

"Tangu shule, mama. Ndiyo maana nikasomea mambo haya."

Na mimi miaka yote namjazia sahani…

Sebuleni Mama Zawadi akauliza mtoto yuko wapi. Mimi ninayemtangaza mpaka sokoni, nikaanza kuondoa sahani mezani.