Kitufe cha "Sitaki" Kimerudi

Kaka,

Nakimbilia kazini. Kishikwambi anachosemea Kidoti kiko kwenye chaji, usikichomoe kabla hakijajaa. Mwenyewe kala, kalala tena, wifi yuko naye. Mafuta ya samaki hajanywa. ~~Mpe kijiko kimoja tu.~~ Hapana, usimpe.

Ulipokwenda kununua mkate nilimshikia kijiko. Akatafuta picha ya "sitaki" ya kubonyeza kwenye kioo cha kishikwambi, hakuiona. Akatafuta tena, machozi yakimlenga. Kumbe umeifuta wewe, bwana mkubwa, eti "anaibonyeza mno"! Miaka sita tunamwombea mtoto apate neno. Kalipata, baba mtu kamnyang'anya. Hongera sana.

Daktari alikwambia mafuta yale ni ya lishe tu, hayaleti maneno. Maneno anayo.

Basi akafikiri kidogo, akabonyeza "baba", kisha "kunywa", akakisukuma kijiko kwenye kiti chako. Nilicheka mpaka nikalia.

Kitufe cha "sitaki" nimekirudisha, usikiguse. Chupa hiyo mbele yako, na kijiko. Akiamka akukute unakunywa, aone kwamba akisema anasikilizwa.

Shangazi mtu