Sinema ya Mtu wa Mabati

Mdogo wangu Wafula,

Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani, mama aliniambia nimwekee ile sinema ya mtu wa mabati. Unaijua wewe. Ile hekaya ya kale ya Wazungu, ya shujaa aliyevaa chuma mwili mzima akaenda ng'ambo ya theluji kutafuta maji ya kumponya mkewe. Farasi anatembea mpaka chai inapoa, na hakuna anayefungua mdomo.

Nilikumbuka siku ulipoionyesha kwenye kibanda chako cha video pale Munyaka. Ulikuwa umezoea sinema za ngumi na risasi, umeshika maikrofoni, unazitafsiri kwa Kiswahili chako cha ovyo hadi watu wanaanguka vitini kwa kucheka. Siku hiyo ulikutana na ukungu. Ukungu, mlima, joho jekundu likipita peke yake katikati ya weupe wote ule, kisha ukungu tena. Vijana wakaanza kupiga miluzi. "Kimya kingi kina mshindo," ukawaambia, "tulieni." Mshindo haukuja. Waliondoka mmoja mmoja, nami nikakucheka njia nzima mpaka nyumbani.

Lakini hukuitupa, ulimletea mama. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshamharibu macho, na ulikuwa ukikaa naye kwenye kochi ukimsimulia kila kinachopita. Yule shujaa ukamwita Simiyu, fundi wa mabati aliyesahau kuvua nguo za kazi. Ngome ya mfalme ukasema ni maghala ya mahindi. Akiingia msituni, nakusikia: "Mama, sasa Simiyu ameingia Kaptagat, na hana hata sweta!" Mama alicheka akashika mbavu. Na mwisho ulikuwa uleule kila mara: Simiyu anafika, mke anakunywa maji anapona, wanachinja kuku. Mimi nilikuwa jikoni nikisikiliza. Sikuwahi kukaa nikaitazama mpaka mwisho.

Tangu ajali ya pikipiki ikuondoe duniani, mama hataki dawa. Nimembembeleza, nimefoka, nimemwita pasta, na bado anageukia ukuta. Daktari ameniambia waziwazi kwamba akiendelea hivi hatafika mbali. Ndiyo maana moyo uliniruka Jumapili aliposema, "Weka hiyo sinema ya Wafula. Ukinisimulia mpaka mwisho, nitameza." Nilimtia vidonge mkononi haraka kabla hajabadili nia, nikakaa mahali pako.

Nilijaribu, Wafula. "Sasa anapanda mlima," nikasema. "Bado anapanda."

"Wewe Nekesa unasoma kama habari ya redio," mama akasema. "Wafula alikuwa ananiambia penye huyo mtu anaenda. Wewe unaniambia tu penye ako."

Niliutafuta utani wako kichwani, sikuupata. Halafu, wacha niseme ukweli, sinema yenyewe ni nzuri ajabu. Kuna mahali jua linapenya kwenye barafu na dunia nzima inakuwa rangi ya asali. Nilinyamaza, nikasahau kwamba kuna mtu kando yangu asiyeona.

Mwisho ukafika. Simiyu amepiga magoti, chupa ya maji imepasuka, na theluji inamfunika polepole mpaka lile joho halionekani tena. Mke amesimama dirishani. Langoni anaingia farasi, peke yake. Basi, majina yakaanza kupanda. Nilibaki nimekodoa macho. Kumbe hakukuwa na maji wala kuku. Ulivitunga vyote.

Nikasema, "Amefika, mama. Mke amekunywa maji. Sasa wanachinja kuku."

Mama alinigeukia. "Nekesa, mimi ni kipofu, si kiziwi. Hiyo farasi imerudi bila mtu. Ikiwa na mtu inakanyaga nzito. Mimi nimesikia hivyo tangu siku ya kwanza."

"Sasa mbona ulikuwa unacheka?"

"Si mtoto wangu alikuwa anajaribu? Ningemwambia nini?" Aliupapasa mkono wangu, akaurudishia vidonge, akaukunja vidole kimoja kimoja. "Peleka hii dawa huko. Na usinidanganye tena. Wewe hujui kudanganya."

Sijamlazimisha tena. Leo hata uji ameukataa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yako ilimvusha mama miaka mingi, na mimi yangu imeishia palepale kwenye kochi. Nina hasira na wewe. Nina hasira kwamba ulijua kumfanya mtu atake kesho, ukaondoka bila kumfundisha yeyote. Usiku namwekea mto kichwani, nasikia pumzi yake inavyopungua, wala sijui nimwambie nini. Nimechoka kuomba. Naomba kwa mdomo tu siku hizi, moyo haumo.

Nilikaa kuandika ili nikuulize ungemwambia nini sasa. Nimefika huku chini ya karatasi, naona ni bure.

Basi lala salama, ndugu yangu. Siku si nyingi utamwona mama anakuja. Atakuwa anaona vizuri, kwa hiyo hutaweza kumdanganya. Mdanganye hivyohivyo.

Ni mimi,
dada yako