Siku Kichwa Ngumu Alipokubaliana Nawe, Baba

Baba yangu mpendwa,

Juzi nilipita Kitengela, pale palipokuwa na ile saiba ya intaneti karibu na duka la vifaa vya ujenzi. Siku hizi wanauza simu na vifuniko vyake. Nilisimama mlangoni nikacheka peke yangu mpaka kijana wa duka akaniuliza, "Madam, nikusaidie?" Ningemwambia nini? Kwamba pale kwenye kona, kwenye kiti cha plastiki, mzee wa kanisa aliyevaa tai alikuwa akikaa kila Jumamosi kugombana kwa heshima kubwa na watu ambao hajawahi kuwaona?

Nimeona nikuandikie. Najua hutajibu, na hilo peke yake ni jambo geni, kwa sababu hukuwahi kuachia mtu neno la mwisho.

Lakini hukuwa mbishi tangu zamani. Nilipokuwa mdogo, tulipoishi kwenye nyumba za kiwanda kule Athi River, ulikuwa mtu wa sauti ya chini. Ami Wanjala akija kutoka Kimilili, mnakunywa chai, halafu wewe unainuka na kuongeza redio mpaka sahani zinatetemeka kabatini. Mimi nilidhani unapenda sana ngoma. Nilikuwa nacheza hapo katikati ya sebule, nanyi mmeinamiana mkinong'ona. Nilikuwa nimeshakua nilipoelewa kwamba redio ilikuwa ukuta. Miaka hiyo mtu alichunga anasema nini na mbele ya nani, na ukuta wa nyumba ya kiwanda ulikuwa mwembamba.

Kisha ukanunua ploti Kitengela, wakati ambapo ukisema umenunua Kitengela watu wanakupa pole. Punda milia walikuwa wakila nyasi mahali Mama alipotaka kupanda sukuma wiki. Jirani yetu Mmaasai alikusalimu kila asubuhi, "Sopa!" nawe ukamjibu, "Ipa!" kwa lafudhi ya Kibukusu iliyomfanya acheke hadi mbuzi wake wageuke kutazama. Ukastaafu. Serikali ikabadilika. Nikaona redio imeshushwa, na wewe sauti imepanda.

Ile siku ya kwanza saiba tulienda kumwandikia kaka yangu Wafula, aliyekuwa akisoma India. Barua ilipokwenda, dakika tulizolipia zilikuwa zimebaki, nikakufungulia jukwaa moja la mtandaoni ambapo Wakenya walikuwa wakijadili siasa. Ulivaa miwani ukasoma kimya.

"Hawa ni akina nani?" uliniuliza.

"Ni watu tu, Baba."

"Wanajuana?"

"Hapana."

"Na hakuna mtu anawazuia?"

"Hakuna."

Ukavuta kiti karibu na meza. Siku hiyo ulijiita Mzee wa Mbuga, ukaandika sentensi yako ya kwanza kwa kidole kimoja, ukitafuta kila herufi kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele: "Hamjambo wote. Mimi sikubaliani."

Hukusema hukubaliani na nini. Walikujibu hata hivyo, na kuanzia hapo Jumamosi zetu zikabadilika. Mama alikuwa akisema umeoa mke wa pili na mke huyo ana skrini. Unakumbuka ile wiki walipokuwa wakizozana kama serikali ipige marufuku sigara barabarani? Wewe, ambaye hukuwahi kuvuta hata siku moja, ambaye ulimhamisha Ami Wanjala nje ya nyumba na kikombe chake cha chai kwa sababu ya sigara, uliwatetea wavutaji aya kwa aya. "Mapafu ni yake," uliandika. "Leo mtamkataza moshi, kesho mtamkataza maneno." Habari ikafika kanisani. Mchungaji akakuuliza kwa upole kama kuna jambo unataka kuombewa.

Na pale ndipo ulipokutana na adui yako. Alijiita Kichwa Ngumu. Yeye aliamini Mkenya bila kiboko hasongi. Alitaka watu wakamatwe kwa kutema mate, kwa kuchelewa kazini, kwa kuoa bila mpango. Mlilimana mwaka mzima. Ulirudi nyumbani na majibu yake kichwani, unayatafuna pamoja na ugali. "Huyu mtu," ulimwambia Mama, "akipewa nchi wiki moja, hata kuku wataomba kibali cha kutaga."

Uhuru usiosubiri ruhusa. Hayo yalikuwa maneno yako. Uliyaandika mara nyingi mpaka watu wa jukwaani wakawa wanayanukuu: kama alivyosema Mzee wa Mbuga, uhuru unaoombewa ruhusa si uhuru.

Ndipo nilipopata kazi ya maabara katika kliniki ile ya Ongata Rongai.

Kwa miezi kadhaa nilisafiri kila siku kutoka Kitengela, kuingia mjini na kutoka tena upande wa pili. Nilikuwa nikifika nyumbani nimechoka mpaka naongea na viatu. Nikapata chumba Kware, huko huko Rongai, safi, kina maji, mwenye nyumba mama mmoja mpole. Nikakuambia baada ya chakula. Uliweka kijiko chini polepole.

"Utaenda kukaa huko na nani?"

"Peke yangu, Baba."

"Msichana hatoki kwa baba yake kwenda kwa landilodi," ulisema. "Anatoka kwenda kwa bwana yake. Tumalize."

"Niko na miaka ishirini na sita."

"Hata ukiwa na hamsini."

"Baba, na ule uhuru wa mtu binafsi?"

Mama alikohoa akaenda jikoni ambako hakukuwa na kazi. Wewe ulinitazama kama mtu aliyeibiwa kitu chake mwenyewe. "Hiyo ni ya huko," ukasema. "Hii ni nyumba."

Wiki mbili hatukuzungumza, isipokuwa "amka" na "chumvi". Nilikuwa nimeamua nitaenda. Niliogopa tu kwamba nikitoka kwa ugomvi, kurudi kwangu kila Krismasi kutakuwa kama kwa mgeni. Usiku nilikusikia ukigeuka kitandani, na Mama akikuambia, "Baba Nekesa, lala," kisha, "Si ni wewe ulimfundisha kusema?"

Halafu Jumamosi moja ukasimama mlangoni mwa chumba changu umevaa tai. "Kuja tuende saiba," ulisema. "Miwani yangu imekataa. Utanisomea."

Miwani haikuwa na shida yoyote, sote tulijua. Nilikufuata.

Tulipokaa, ulinionyesha ulichokuwa umeandika siku chache kabla. Ulikuwa umewauliza watu wa jukwaani kuhusu "rafiki yangu mmoja, mtu wa heshima," ambaye binti yake anataka kupanga nyumba peke yake bila kuolewa. Je, rafiki huyo akimkataza, si amefanya sawa?

Majibu yalikuwa mengi. "Soma," ulisema, ukaweka mikono magotini.

Nikaanza juu. Wa kwanza alikuwa Kichwa Ngumu. Nilisoma kwa sauti ya chini, kwa kuwa kulikuwa na watu: "Mzee wa Mbuga, leo kwa mara ya kwanza nakuunga mkono asilimia mia. Mwambie rafiki yako asilegeze kamba. Mtoto ni wa kuamuliwa. Karibu upande wetu, mzee mwenzangu."

Nilikutazama. Baba, sijawahi kuona uso kama ule. Ulikuwa kama mtu aliyepewa majibu ya daktari.

"Rudia," ulisema.

Nikarudia.

"Amenikubali," ulisema. "Huyu mtu amenikubali."

Niling'ata mdomo nisicheke. Nikaendelea kushuka. Wale waliokuwa wakikutetea mwaka mzima sasa walikuwa wamekugeuka, kila mmoja na maneno yako mkononi. Kulikuwa na mama mmoja wa Embulbul, aliyekuwa akiuza nguo na kuandika kwa herufi kubwa tupu. Aliandika: "MZEE, BINTI ANAYETAKA KUPOTEA HAAGI. HUYU AMEKUJA MEZANI AKASEMA ANAENDA WAPI. HUYO NI MTOTO ALIYELELEWA. MWAMBIE RAFIKI YAKO AMEFANYA KAZI NZURI, SASA ASIIHARIBU."

Ulivua miwani, ukaifuta kwa ncha ya tai, ukaivaa tena. Ukanisogeza kidogo ukajishikia kibodi mwenyewe. Mwenye saiba alikuja kusema muda umeisha, akakuona ulivyokaza uso, akarudi zake. Kidole chako kilikwenda herufi kwa herufi, nami nikiwa kando nikisoma kila neno likizaliwa:

"Huyo rafiki ni mimi. Nilikuwa nasema uhuru kwa sababu nilidhani ni wa kunitoa mimi kwa wakubwa. Sikujua na mimi ni mkubwa. Kichwa Ngumu, ondoka upande wangu."

Tulitoka nje kwenye jua na vumbi. Ulininunulia soda, ukainunua na yako, tukanywa tumesimama. "Hiyo Kware," ulisema mwishowe, "iko na maji kila siku, ama ni maneno tu?"

Siku ya kuhama uliazima pikapu ya jirani. Ulipanga kitanda changu na jiko na sufuria alizonipa Mama, ukafunga kamba mara mbili, ukanikemea mimi kana kwamba mimi ndiye niliyefunga vibaya. Kule Kware ulijaribu kila dirisha. Ulimhoji mwenye nyumba kuhusu majirani mpaka akakuuliza kama wewe ni polisi. Ukaomba sala ndefu iliyotaja mabomba na nyaya za umeme. Ukaondoka bila kugeuka.

Lakini siku ninayoiweka juu ya zote ni ile ya mwezi uliofuata. Nilikuwa nakaanga vitunguu, mlango wazi, pazia limeshuka. Nikasikia, "Hodi." Nikafikiri ni mtu wa maji. "Hodi humu ndani." Nikafunua pazia na kukuona wewe, umeshika kuku wa Mama chini ya kwapa.

"Baba! Si uingie tu!"

Hukuingia. Wewe uliyekuwa ukifungua kila mlango wa nyumba yetu bila hata kukohoa ulisimama pale nje, majirani wakikutazama, kuku akilalamika.

"Sijakaribishwa," ulisema.

"Karibu, Baba."

"Asante, mama." Ukavua viatu ukaingia kichwa kimeinama kidogo, kama unavyoingia kwa mtu unayemheshimu. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo, na ninamjumlisha hata bwana arusi niliyempata baadaye, ambaye uliniachia nimchague mwenyewe kisha ukabishana naye kila Krismasi.

Na kumbe Kichwa Ngumu naye alikuwa mtu! Mlipokubaliana kukutana, Mama alitaka uende na Wafula, aliyekuwa amerudi, iwapo kutatokea ngumi. Mkamkuta mwalimu mwembamba wa Nkoroi, Kamau, mpole, mwenye mabinti wanne ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa akimsikiliza. Ulirudi umeshiba nyama na huruma. "Maskini," ulituambia. "Kiboko anachokitafuta nchini kimemshinda nyumbani." Na bado mliendelea kulimana kila Jumamosi.

Ule mwezi mbaya baada ya uchaguzi, watu walipoanza kuulizana kabila barabarani, jukwaa likajaa matusi ya kweli. Ulitoka humo, ukasema huko si kubishana tena. Lakini kila asubuhi simu yako ililia, ujumbe wa Kamau kutoka Nkoroi. Ulinionyesha mmoja: "Mzee uko hai? Kama uko hai nikutukane." Nawe ulimjibu: "Niko hai. Tukana." Ulikuwa ukisubiri ujumbe huo kabla hujanywa chai. Siku ujumbe ulipochelewa, chai ilipoa.

Alikuja kukuzika, Baba. Alisafiri mpaka Kimilili, akasimama kando ya kaburi na kofia mkononi, akasema, "Nilikuja nikiwa nimepanga leo tu nikubaliane naye. Nimeshindwa. Ameondoka bila ruhusa." Watu wa kanisa walitazamana. Kisha Ami Wanjala akaanza kucheka, na Mama akacheka, na tukajikuta sisi sote tunacheka na kulia kwenye matanga yako.

Sasa nikupe habari za leo, kwa sababu ndizo hasa zilizonifanya nishike kalamu. Mimi na mume wangu tuna chumba cha ziada. Tulikipaka rangi, tukaweka pazia, nikaenda Kitengela kumchukua Mama. Nilimkuta anapanda maua pale ulipokuwa ukiweka viti vya wageni.

"Nani amesema ninahama?" aliniuliza.

"Mama, huwezi kukaa hapa peke yako. Watu watasema nini?"

Alinyooka mgongo polepole, mikono imejaa udongo, akaniangalia kwa muda. Nami nikasikia ni sauti ya nani iliyokuwa imetoka kinywani mwangu. Baba, nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Chai iko kwa thamosi," alisema. "Kunywa, halafu unisaidie kumwagilia hii. Jioni urudi kwako."

Nilimwagilia. Nikarudi kwangu. Yuko vizuri, usiwe na wasiwasi. Nina wasiwasi mimi, kwa niaba yetu sote wawili, lakini ninauweka mdomoni, nao mdomo nimeufunga.

Pumzika, Baba. Kama huko kuna wa kubishana naye, mpe nafasi amalize sentensi.

Ni mimi binti yako, mwanafunzi wako wa Jumamosi,
Nekesa