Posa Niliyoipeleka Dixon

Jumamosi, Februari 2013. Jioni.

Theluji ya jana imerundikwa kando ya njia, na sisi watu wa mtaa wa Jane na Finch, hapa Toronto, tumetembea mmoja nyuma ya mwingine kutwa nzima. Baridi ya leo inauma masikio. Nimerudi nyumbani, nimevua buibui na mabuti, nimeteleka maji ya chai, na maji yamechemka mpaka yakakauka huku nimesimama hapo hapo nayatazama.

Nina aibu. Nianze na hilo kabla sijaanza kujipamba.

Nyinyi wachache mnaosoma hapa mnanijua kama yule mwanamke wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, anayeandika vichekesho vya watu wanaoogopa sindano. Jina langu hamlijui, na leo nashukuru Mungu kwa hilo.

Leo nimempelekea mume wangu posa.

Hamkusoma vibaya. Nimekwenda na sinia limefunikwa kitambaa cha hariri, nikaketi kwenye zulia la watu, nikamposea mume wangu mwanamke mwingine. Na nimekubaliwa.

Acha nieleze, maana hata mimi mwenyewe nahitaji kuyasikia. Kwetu sisi ni masharifu, watu wanaohesabiwa kuwa kizazi cha Mtume. Pwani yetu yote, kuanzia Lamu hadi Barawa, watu hutubusu mkono. Hata huku ugenini. Kuna mzee mmoja akiniona kituo cha basi cha Finch huweka mifuko yake ya sokoni chini kwenye theluji ili anibusu mkono, nami nimevaa glavu. Na kwa kuwa watu huona haya kumkatalia sharifu, mtu asiyetaka posa yake irudi bure humtuma sharifu awe mshenga. Babu yangu aliwaposea nusu ya mji. Mimi nami hapa Toronto nimeshaposea watu kadhaa, na watoto wao naletewa niwasomee dua.

Sharifa mwenyewe haolewi hivi hivi. Ada yetu inataka mume awe sharifu mwenzake, na baba ndiye amwoze.

Mume wangu si sharifu. Ni mwana wa mfalme. Nikisema hivyo naonekana natania, lakini ni kweli: babu yake alikuwa sultani wa mwisho wa kisiwa chao huko Komoro. Usultani wenyewe ulikwisha zamani, ila ukoo haujakubali kwamba umekwisha. Wana kiti, wana baraza la wazee, na mrithi wa kiti ni yeye. Hapa nitamwita Mwinyi. Mwinyi anasimamia wapakia mizigo uwanja wa ndege, anavaa fulana ya manjano inayong'aa, na wakubwa wake wa kazi hawajawahi kulitamka jina lake sawasawa. Lakini akiingia kwenye maulidi, wazee wa kwao husimama. Niliwaona wakisimama, nikampenda papo hapo. Ningetamani kusema nilipenda tabia zake kwanza.

Tulioana miaka sita iliyopita, kama kuoana ndilo neno lake. Ilikuwa mtaa wa Regent Park, nyumbani kwa rafiki yake, katika jengo moja la zamani ambalo sasa limeshabomolewa. Rafiki huyo alisoma hutuba, wenzake wawili wakashuhudia na kuapa kufunga midomo. Cheti cha serikali hatukuchukua, maana cheti kina majina na majina huvuja. Baraza la wazee wake halikuulizwa, na mrithi akioa bila ya wazee, kwao ndoa hiyo haipo. Na baba yangu, aliye hai, mzima wa afya, anayenipigia simu kila Ijumaa kutoka Lamu, hakuambiwa kitu. Yule rafiki alisema amesoma mahali kwamba mwanamke aliye mbali na kwao anaweza kumteua mtu mwema yeyote awe wali wake, msimamizi wa kumwoza badala ya baba. Akajiteua yeye.

Mimi nimezaliwa katika nyumba ambamo mambo hayo husomeshwa barazani. Nilijua vizuri kwamba mbali inayosemwa vitabuni si mbali ya kubonyeza simu. Nikasema nimeridhia.

Baadaye tulikula. Wali wa kula ulikuwapo, wa nazi, sufuria tele. Wali wa kuniozesha ndiye hakuwapo.

Nilijioza mwenyewe. Neno hilo lina maana mbili na sasa nazijua zote.

Tangu hapo Mwinyi huja kwangu siku zake za mapumziko. Jirani yangu Mkongo, Mama Furaha, nilimwambia huyu ni ndugu yangu wa kunyonya, na sasa kila akikutana naye kwenye lifti humchangamkia, "Bonjour, kaka ya Sharifa!" Mwinyi hucheka mpaka tunafika mlangoni. Mimi zamani nilikuwa nacheka pia.

Subiri, ndilo neno lake. Subiri mama alainike. Subiri wazee wamzoee. Nikasubiri, na nisiwafiche, kuna siku nilifurahia kusubiri huko. Mgonjwa ananifokea pale mapokezi kwa sababu daktari amechelewa, nami moyoni nasema, hajui anamfokea mke wa mwana wa mfalme. Siri ilinipa kiburi. Nilijiona nina kitu ambacho wenzangu hawana, kumbe ni mimi niliyekuwa sina.

Wiki iliyopita mama yake, Bi Hidaya, aliwasili kutoka Ufaransa kuja kumtafutia mke. Kwenye harusi moja akamwona msichana akampenda: Salma, binti wa watu wa Barawa wanaokaa kwenye majengo ya Dixon, anasomea uuguzi. Bi Hidaya akauliza hapa hutumwa nani. Wakamwambia yuko sharifa mmoja, mtu wa heshima, anaishi peke yake.

Akanipigia mwenyewe. "Mwanangu Sharifa, nimeambiwa ukitumwa wewe mlango haufungwi."

Sauti ya mama mkwe wangu, na ndiyo mara ya kwanza naisikia.

Nilimpigia Mwinyi papo hapo. Nilidhani atasema basi, sasa tuseme. Akasema, "Ukikataa watashuku. Nenda tu. Msichana amesoma huyo, hatanitaka." Alisema kwa upole, kama mtu anayekuomba umchukulie nguo zake kwa dobi. Nami nikajidanganya: nikiwa mshenga mimi, mambo yako mikononi mwangu, na naweza kuyaharibu nikitaka.

Sikuyaharibu. Sijui kuposa vibaya, na hapo ndipo aibu yangu ya leo inapoanzia. Nilifika Dixon na mwanamke mmoja wa kunibebea sinia lenye halwa, marashi, udi na pea za leso. Mama yake Salma, Bi Rukia, mwanamke mnene mwenye macho mazuri, alinibusu mkono mlangoni, akanivua koti kama mtoto. Nikaketi, na kile kipawa cha kwetu cha kuposa kikanipanda kichwani. Maneno yakaja yenyewe. Nilimsifu Mwinyi kwa nasaba yake, kwa adabu yake, kwa subira yake. Ndege ikipita juu ya jengo tunanyamaza sote, ndiyo desturi ya watu wa Dixon wanaokaa karibu na uwanja wa ndege, ikishapita naendelea pale pale nilipoishia. Nilimsifu kwa mambo ambayo mke tu ndiye huyajua, kwamba hapandishi sauti, kwamba chakula kikizidi chumvi hula akamaliza. Yule mwanamke aliyebeba sinia alinitazama. Nikasema ndivyo nilivyosikia.

Salma alileta chai na mahamri. Alivaa soksi za sufu za rangi mbili tofauti, akanisalimu kwa Kiswahili cha kukariri, akacheka alipokosea. Nilimpenda. Hilo nalo liniaibishe au lisiniaibishe, sijui.

Alipotoka, Bi Rukia alisogea karibu, akashusha sauti.

"Sharifa, huyu bwana sisi hatumjui. Wewe wamjua. Ana mke? Sheria yamruhusu, sikatai, lakini mwanangu kaniambia hataki ukewenza, nami nimemuahidi. Niambie wewe."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikuwa na nafasi. Hakuna ndege iliyopita.

"Hana," nikasema.

"Basi yatosha," akasema. "Neno lako latosha."

Akanibusu mkono tena, ule ule uliokuwa umeshika kikombe, nikamwagia chai kwenye leso yake. Akasema si kitu. Wakaitana, wakazungumza jikoni, baba mtu akapigiwa simu kazini, na jibu likawa ndiyo. Kesho baada ya alasiri wanaume watakwenda, na Bi Hidaya anataka nikahi ifungwe hapo hapo, maana ana safari ya kurudi. Yaani kesho hiyo.

Kwenye basi nilijaribu kujitetea. Je, nilisema uongo? Nimezunguka pande zote. Ukiuliza serikali ya Ontario, Mwinyi hana mke. Ukiuliza baraza la wazee wake, hana mke. Ukiuliza kitabu anachosomesha baba yangu, mwanaume aliyeoa mwanamke aliyejioza hali baba yake yuko kwenye simu, hana mke. Kila mlango nilioubisha umenijibu neno lile lile nililomjibu Bi Rukia. Nimeishi miaka sita nikidhani nina siri, kumbe sina hata siri.

Yupo mtu mmoja tu aliyebaki wa kusema vinginevyo. Nikamwandikia ujumbe kabla basi halijafika kwangu: "Wameuliza kama una mke. Nimesema huna."

Nilingoja. Nisiwadanganye, nilingoja aandike mbona umesema hivyo. Nilingoja hata akasirike. Nilishateremka na niko kwenye ngazi za jengo simu ilipolia.

"Umesema vizuri. Ahsante sana."

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma chochote alichoniandikia. Hayana ubaya wowote. Hata mtu baki ungemwandikia hivyo.

Hapo ndipo maji yalipokauka jikoni. Sikulia. Nilikuwa nawaza soksi za yule mtoto. Kesho ataolewa kwa cheti, kwa baba, kwa wazee, kwa kila kitu ambacho mimi sikukipata, na ataolewa kwa neno langu, kwa sababu mama yake ananibusu mkono. Yangu nimeyataka mwenyewe. Yeye alichouliza ni kitu kimoja tu, na mtu aliyeulizwa amemdanganya. Naam, kumdanganya. Vitabu vyote na viseme vinavyosema, mimi nafua mashati ya mtu yule.

Nimeswali magharibi, kisha nikapiga simu Dixon.

Nilitaka kuongea na Bi Rukia. Nilikuwa nimeshapanga maneno, mazuri, ya kishenga, yenye samahani nyingi mbele. Akapokea Salma. Mama yuko kwenye mswala, akasema, una ujumbe nimpe? Ningeweza kusema nitapiga baadaye. Najijua, nisingepiga.

"Mwambie mama nilikosea jibu," nikasema. "Yule bwana ana mke. Tangu miaka sita."

Nyuma yake nilisikia televisheni, na mtoto analilia kitu.

"Oh my God, Anti. Nani?"

"Mimi."

Nilijiandaa kwa kila kitu. Nilijiandaa akate simu, amwite mama yake, anitukane kwa Kiingereza. Nilijiandaa kwa habari hii kufika msikitini kesho na Lamu keshokutwa, baba aisikie kwa watu kabla ya kuisikia kwangu, na asiniite mwanangu tena. Kwa swali lililofuata peke yake sikuwa nimejiandaa. Na hakuliuliza kwa ubaya. Aliliuliza taratibu, kama anavyofundishwa kuwauliza wagonjwa wanaumwa wapi.

"Anti, sorry. Na yeye huyo bwana, anajua ana mke?"

Niliiweka simu sikio la pili, kana kwamba huko litasikika vingine.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Sijapata kumuuliza."