Wiki Ishirini na Nne Nilizozificha

Mpendwa mshauri Gorret, naomba msaada, tena haraka, maana Ijumaa ikifika nimekwisha. Mimi ni Patient, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nasoma takwimu chuoni hapa Mbarara, na kwa miaka miwili nimeandika kila wiki bei ya dola mjini na bei ya mahindi soko la kambini, nikaona dola ikipanda, mahindi nayo hupanda baada ya wiki tatu, mwalimu akausifu mchoro wangu, nami kwa kujidai nikaupeleka nyumbani, na mama, ambaye haoni vizuri, akaupapasa tu kisha akaenda nao kanisani kuwaambia wenzake wa kikundi cha akiba, "Mutoto wangu alisoma mingi! Dola ilishapanda, tununue mahindi mbele bei ipande!" Sasa Ijumaa wanakwenda soko la Masha kununua magunia ya mahindi kwa akiba yao yote, pamoja na pesa ya mama ya kupasuliwa jicho hospitali ya Ruharo, wauze baada ya wiki tatu, na ninachokijua peke yangu ni kwamba katika wiki mia moja na nne nilifuta ishirini na nne, zile za mgao wa chakula, kwa sababu wiki hizo kila mtu kambini anauza mahindi yake na bei inaanguka hata dola ipande vipi, zikawa zinaniharibia mchoro, na nimehesabu, wiki ya tatu kutoka Ijumaa ni ya mgao. Mama ananiita Profeseri mbele za watu. Nitamwambiaje?

Patient, Nyamityobora, Juni 2015

Patient mwanangu, pole, na sasa kaa nikuseme. Umekula mahindi ya mgao tangu utotoni, leo umefika mjini unayaona takataka kwenye karatasi? Mimi ni mke wa askari. Hapa kambi ya jeshi mshahara ukitoka, bei ya nyama getini inaruka siku hiyo hiyo, na dola haijaulizwa. Siku ya mgao ni habari yenyewe! Ukifuta kila wiki inayokubishia, unabaki na matamanio yako tu.

Sikukatazi kuchunguza dola. Huenda kweli inayavuta mahindi, kwa sababu ya mafuta ya lori yanayonunuliwa kwa dola, au huenda kuna kitu kingine kinachopandisha vyote viwili. Hujui bado, na kutojua si kosa. Kosa ni kuficha.

Zirudishe wiki zote, zipake rangi nyekundu, umpe mwalimu. Alama zikishuka, zishuke. Alhamisi uwe Nakivale. Mwambie mama kwanza, mkiwa wawili, bila hisabati yoyote: "Mama, siku za kugawa chakula nilizificha." Ataelewa upesi kuliko mwalimu wako, maana kwenye foleni ya mgao husimama yeye. Halafu mwende wote kwa kina mama wa kikundi, na pesa ya jicho itoke iende Ruharo.

Unaogopa ataacha kukuita Profeseri. Mimi naogopa mwakani atakuwa anakutambua kwa sauti tu, na bado anawaambia watu mtoto wake hakosei.