Gacheri Anakataa Gia

Jumapili, 7 Agosti 1988

Kanana wa Kiogora! Nimeliandika jina hili pembeni mwa ukurasa mara kadhaa ili nione linavyokaa. Linakaa vizuri. Jana tulifunga ndoa kanisani Nkubu, leo niko Embu, kwenye nyumba yetu ya walimu. Waridi mlangoni, sufuria mpya, na mume wangu anaoga huku anaimba.

Tulikuja na Gacheri. Ndilo jina la gari lake — Datsun nyekundu ya michezo, milango miwili, lililowahi kukimbia rali. Alilinunua likiwa mifupa, akalifufua mwenyewe. Desemba anataka kulishindanisha Meru. Wakati wa kuagana mama mkwe alinitania: "Mwari wakwa, binti yangu, huyo ndiye mke mkubwa. Asubuhi msalimie kwanza, ndiyo uje kwa mume."

Njia nzima ni mabonde. Nithi, Thuci, Ena — unashuka, unapanda, gia juu, gia chini. Kila alipomaliza kubadilisha, mkono ulirudi kwangu. Mara mbili gia ya pili ililia vibaya. "Ana wivu," akasema.

Jumatano, 10 Agosti

Wivu umezidi. Leo Gacheri amekataa gia kabisa, Kiogora ameshinda chini yake. Injini ikizimwa, gia zote zinaingia laini. Ikiwaka, ya kwanza inagoma na ya pili inasaga. Ananieleza kama niko darasani: basi si meno ya gia, ni klachi. Haiachilii injini. Naelewa — kaka yangu alinifundisha kuendesha pikapu ya kahawa — lakini najifanya sielewi ili aeleze tena. Ana oili kidevuni. Nampenda hadi naona haya.

Ndara yake ya kushoto nimeiokota sebuleni tena. Inamtoka mguuni, anaendelea kutembea bila habari. Nimemwambia nimeolewa na mtoto. Akanikimbiza jikoni, akajikwaa, tukaanguka wote kwenye gunia la viazi. Sijawahi kucheka hivyo.

Jumamosi, 13 Agosti

Fundi Ndambiri amekuja kutoka mjini. Ametoa hewa kwenye bomba la klachi, akatia mafuta mapya. Bado. Wameshusha giaboksi. Pleti ya klachi itatoka Nairobi. Kiogora hana raha. Chai imepoa mbele yake.

Jumanne, 16 Agosti

Pleti mpya imefungwa. Ndambiri akazunguka uwanja wa shule, gia zote, kimya kabisa. Nilipiga makofi. Kisha akaingia Kiogora. Kraa!

"Mwalimu, gari haina shida," Ndambiri akasema. "Kanyaga mpaka mwisho."

"Nimekanyaga."

"Hujakanyaga. Iko nusu."

"Kwani nimejifunza jana? Hata wewe ulinikuta naendesha."

Ndambiri akafuta mikono polepole. Alipoaga aliniangalia mimi, si yeye. Sijapenda alivyoniangalia.

Jioni Kiogora hakula. Klachi imechoka tu, akasema. Nikamuuliza, hii mpya? Akanijibu kwamba hata vitu vipya huchoka. Akageukia ukutani. Nilimshika mgongo mpaka akalala. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unacheza chini ya blanketi, nyama zinarukaruka zenyewe kama maji yanayoanza kuchemka. Nilifikiri anaota.

Ijumaa, 19 Agosti

Mama mkwe amekuja na ndizi na kibuyu cha maziwa. Kiogora alitoka kumpokea. Ndara ikabaki kizingitini, kidole kikagonga ngazi, akajishika ukutani. Akacheka. Mama hakucheka. Alisimama tu, kiondo bado mgongoni, kamba yake kichwani, kama amesahau kukitua.

Jikoni aliniuliza imeanza lini. Nikamjibu mambo ya klachi! Hewa, pleti, Ndambiri, yote. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia kwa Kimeru, sauti ya chini, kwamba baba yake Kiogora naye alianza na kiatu. Walisema mguu umechoka. Halafu mkono umechoka. Mwisho ulimi. Alilishwa kwa kijiko kama mtoto hadi alipokufa. Kiogora alikuwa mdogo, akaambiwa ni malaria.

Nikasema twende hospitali kesho. Akasema kwanza lazima aambiwe.

"Mwambie wewe, mama."

"Mimi nilimwambia baba yake. Siwezi kumwambia mtu wa pili."

Nimekatakata vitunguu vingi kuliko tunavyohitaji.

Jumamosi, 20 Agosti

Nilitaka kumwambia baada ya chai. Nilikuwa na maneno tayari. Akanitangulia.

"Kanana, ingia wewe. Ikikataa kwako pia, tutajua ni giaboksi."

Akakaa kando yangu. Sikuthubutu kumwangalia, lakini nilimsikia anavyopumua. Nikaweka mguu kwenye klachi. Pedali ni nyepesi. Nyepesi sana, hata mtoto angeishusha. Nilijua kwamba nikiikanyaga hadi mwisho, gia itaingia, na atajua, papo hapo, hapo uwanjani, mchana, akiwa amevaa shati nililompigia pasi.

Nikakanyaga nusu.

Gacheri akapiga yowe. Kiogora akapiga dashibodi kofi, akanibusu mbele ya jirani. "Si nilisema? Si nilisema mimi?" Uso wa siku ya harusi, ule ule.

Nimefanya nini.

Sasa yuko chini ya gari, anashusha giaboksi tena, anaimba. Mimi niko kwenye ngazi ya nyuma na daftari hili. Mama yuko ndani anaosha vikombe ambavyo ameshaviosha. Alisikia ile gia, na alisikia kicheko.

Akitoka hapo chini nitamwambia. Akishanawa mikono. Akishakula.

Wimbo umekatika. Ananiita. Nikamuuliza spana ya ngapi.

Hataki spana. Anataka nimshike mguu wa kushoto nimvute atoke. Umekataa kukunjika. Ganzi tu, anasema, ardhi hii ni baridi —